Mwanamke wa Kwenye Spika

Watu wa Babati wakikutana na mume wangu njiani humpa mkono na kumwambia hongera. Wakikutana na mimi huniambia nina bahati. Bahati yenyewe sijaiona. Mume wangu ana masikio yanayosifiwa mpaka nje ya nchi, na mtu pekee ambaye masikio hayo yalikuwa hayana muda naye ni mimi niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja.

Anaitwa Severine, mhariri wa sauti za filamu, yule aliyepata tuzo. Picha yake akiwa ameikumbatia tuzo hiyo imebandikwa kwa kinyozi mmoja karibu na stendi, katikati ya picha za wachezaji mpira. Mimi ni Romana, fundi cherehani, mzaliwa wa kijiji cha Bonga, na kwa kuwa mtoto wetu ni Sylvesta wengi huniita Mama Sylvesta. Habari za Severine zimeshasimuliwa redioni na kanisani, na kila anayezisimulia ananiweka mimi mwishoni, kwenye shukrani, pamoja na majirani. Leo nasimulia mwenyewe. Nina wivu, sifichi, na sitaupunguza ili simulizi ipendeze.

Severine si mzaliwa wa hapa. Baba yake alikuwa dereva wa serikali huko Kagera, na Manyara ilipofanywa mkoa akahamishiwa Babati na familia yake yote. Mji wakati ule ulikuwa unajengwa kila kona, wageni wa maofisini wanatafuta vyumba vya kupanga hata kwenye nyumba zisizo na madirisha. Severine akamaliza kidato cha nne, hakuchaguliwa kuendelea, akaingia kwa Damasi, aliyekuwa na studio ya video. Kazi zao zilikuwa harusi, sendofu za kuwaaga mabibi harusi, kipaimara na misiba.

Video za wakati ule zilitengenezwa namna moja tu. Ukishapiga picha unafuta sauti yote iliyokuwepo, unaweka nyimbo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Bwana harusi anaulizwa kama amekubali, midomo inacheza, wewe unasikia kwaya. Watu wanatupa udongo kaburini, unasikia kwaya ileile. Wateja walishazoea hivyo na Damasi alitaka hivyo. Severine hakuweza kuvumilia. Siku moja alipewa video ya msiba wa bibi mmoja wa mtaa wa Nangara, akaiacha na sauti zake: majembe, watoto, wanawake wakinong'onezana kuhusu chumvi ya maharage, mzee mmoja akikohoa. Damasi alipogundua akawaka kweli, akamwambia ameharibu kazi ya mteja. Familia ile iliporudi studio, Damasi akajificha chumba cha nyuma akijua wamekuja kugomba. Walikuwa wamekuja kuomba nakala nyingine za kuwapelekea ndugu walioko mbali. Tangu hapo watu wakawa wakifika pale wanamwulizia yule kijana anayeacha sauti.

Mimi nilikutana naye kwenye sendofu ya binamu yangu Lukresia. Nilikuwa nimependeza, na ninajua nilikuwa nimependeza kwa sababu gauni nilishona mwenyewe. Nikamwona kijana mwenye hedfoni shingoni anapenya katikati ya wageni, anakuja moja kwa moja nilipokaa. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Akaniinamia sikioni, akasema, "Dada, samahani, bangili zako zinaingia kwenye maiki."

Nikazivua. Basi, mapenzi yetu yalianza kwa yeye kuniomba ninyamaze, na ningekuwa na akili ningeng'amua mapema.

Lakini niwe mkweli, mwanzoni alinisikiliza. Alikuwa anakuja nyumbani kwa shangazi yangu nilikokuwa nashonea, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafumba macho na kunitajia ninachoshona. "Hicho ni kitenge. Sasa umeingia kwenye pindo. Umekasirika leo, unakanyaga sana." Hakukosea. Nilipenda jambo hilo kuliko zawadi yoyote ambayo mwanaume angeniletea. Nilijiona nina mtu ambaye hata nikinyamaza ananisikia, na kwa ajili hiyo nikakubali kuolewa na mgeni ambaye ndugu zangu walikuwa hawamjui vizuri.

Tukapanga nyumba Nangara. Kabla hatujazoeana na majirani, akatokea Valence. Huyu ni mwongozaji wa filamu wa Arusha, mtu mrefu, mpole, anayependa kula kwa watu. Alikuwa mgeni kwenye harusi moja hapa mjini, baadaye akaonyeshwa video yake, akauliza nani amepanga sauti zile. Akamfuata Severine. Akampa filamu fupi ya kujaribu, kisha nyingine, na jina la mume wangu likaanza kutokea mwishoni mwa filamu kwa herufi ndogo, watu wakiwa wameshasimama kutafuta viatu vyao.

Kazi yenyewe mimi nilichukua muda kuielewa. Nilidhani sauti ya filamu inakuja na picha yake, kama mtu na kivuli chake. Kumbe hapana. Wakipiga picha nje, upepo unaharibu, pikipiki inapita, jogoo anawika, mwigizaji anameza maneno. Mhariri wa sauti anakaa na vipande hivyo, anasafisha, anatoa, anabadilisha, anaongeza mlango pale ambapo mlango haukusikika. Hata kimya anakirekodi. Kila mahali pana kimya chake, anasema, na ukiweka kimya cha kanisa kwenye picha ya jikoni mtazamaji anajisikia vibaya bila kujua kwa nini. Nilimcheka sana siku aliponieleza hilo. Mwanaume mzima, mwenye mke, anawasha mashine ili arekodi kimya!

Kicheko kiliisha alipogeuza chumba cha pili kuwa studio. Alipigilia magunia ukutani, juu yake akaweka mablanketi, na moja lilikuwa lile zito alilonipa shangazi siku ya harusi yetu. Kisha akaanza kuniondoa mimi kidogo kidogo. Sufuria zinaingia kwenye maiki. Ndala zangu zinaingia. Nikiongea na jirani dirishani, naingia. Mwisho akasimama mlangoni, anajikuna shingo, akasema, "Mama Sylvesta, usinielewe vibaya. Ni hiyo cherehani."

Nikaibeba cherehani yangu mjini, kwenye baraza la duka la vitambaa la Mzee Hamdani, ambako mafundi wengine walikuwa wanashonea. Mzee Hamdani alinipokea vizuri, siwezi kumlalamikia. Lakini kila asubuhi nilipokuwa nafunga mlango nilijua kwamba sauti yangu imetolewa nje ya nyumba yangu. Na jioni nikirudi nataka kumwambia habari za siku, mteja aliyekataa gauni lake mwenyewe, Sylvesta aliyepigana shuleni, Severine anavua hedfoni, anajisugua masikio na kusema yamechoka. "Tutaongea kesho." Masikio yake yalikuwa yanachoka kabla zamu yangu haijafika.

Ndipo ikaja filamu ya mke wa mchimbaji. Ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuletewa. Inahusu mwanamke ambaye mumewe anafukiwa mgodini, na yeye anazunguka kutafuta mtu wa kumwambia kama yuko hai au amekufa. Mwigizaji alikuwa Amira, msichana wa Dar es Salaam, mzuri, mwembamba, mwenye macho yanayojua yanaangaliwa. Sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilimfahamu kwa njia nyingine.

Nilikuwa barazani napiga pasi suruali za watu nikamwona jirani yetu, Mama Rahma, anakuja kwa miguu, jasho linamtoka. Mama Rahma si mtu wa kuja mjini bila sababu. Akanivuta pembeni, nyuma ya majora ya vitambaa.

"Mama Sylvesta, mimi si mmbeya."

"Najua, Mama Rahma." Nilikuwa najua kinyume chake.

"Nyumbani kwako kuna mwanamke. Tangu asubuhi analia. Anamwambia mumeo, nifungulie, nina mtoto mgongoni, nifungulie nijue moja. Analia, ananyamaza, anaanza tena. Baba Sylvesta hamfungulii. Jamani, hata kama amemzalisha, si amfungulie tu?"

Sikuzima hata pasi, Mzee Hamdani ndiye aliyeizima. Nikarukia bajaji na Mama Rahma akarukia pembeni yangu bila kualikwa. Tulipofika kulikuwa na wanawake kadhaa wamesimama kwenye ua wa michongoma, wamejifunika khanga kana kwamba kuna msiba. Na kweli, sauti ilikuwa inatoka ndani. "Nifungulie. Nina mtoto mgongoni." Sauti nyororo, imejaa machozi. Nikaupiga mlango teke.

Severine alikuwa peke yake. Amekaa mbele ya kompyuta, mgongo kwangu, spika mbili zinalia. Hakugeuka mpaka nilipochomoa hedfoni alizokuwa amezining'iniza shingoni. Akaniangalia, akawaangalia wanawake mlangoni, akasema kwa unyenyekevu, "Mmekuja wengi. Kuna nini?"

Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Rahma aliisimulia habari ile msibani, sokoni, kisimani, na kila aliposimulia aliongeza teke la pili. Mimi pia nilicheka, kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeona kitu ambacho wao hawakukiona. Angekuwa mtu, ningemshika mkono nikamtoa nje, tukamalizana. Sasa huyu wa kwenye spika utamshika wapi? Mume wangu alikuwa anamsikiliza kutwa. Neno lake moja analirudia tena na tena, anatafuta pale alipomeza mate, pale sauti ilipotetemeka. Anajua pumzi yake ya furaha na ya woga. Mimi ningemwambia neno moja mara tatu angeniuliza kwa nini namgombeza.

Nikaanza kumchukia Amira kwa bidii. Nilimwuliza Severine mezani, "Mwenzangu hajambo leo?" Akadhani namaanisha Valence.

Halafu akanijia na ombi. Upepo ulikuwa umeharibu sauti ya hatua zote za Amira, hakuna hata moja inayofaa. Alikuwa amemwaga mchanga na kokoto kwenye beseni pana la bati, akaweka maiki karibu na sakafu. "Naomba unitembelee," akasema. "Unaangalia picha, anapotembea unatembea."

"Nimtembelee Amira?"

"Uzito wenu unakaribiana."

Angejua alivyokuwa karibu na kupigwa na beseni lile! Nikakataa, nikaenda kulala. Kesho yake nikakubali. Nilikubali kwa sababu moja tu, kwamba muda wote ambao ningekuwa natembea, Severine angekuwa ananisikiliza mimi. Ndiyo, nilikuwa nimefika hapo. Nikavua ndala, nikatembea. Nikamfulia nguo Amira kwenye beseni, nikamchotea maji, nikamtwangia, maana kwenye picha alikuwa anatwanga kama mtu anayebisha hodi ofisini. Severine alikaa na hedfoni zake, amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu kwa kuridhika. "Vizuri sana, Mama Sylvesta. Rudia hiyo." Zilikuwa siku nzuri, nasema kweli. Zilipoisha akarudi kwa mwenzake.

Filamu ikatoka, ikazunguka miaka miwili, ikapelekwa kwenye tamasha nchi nyingine, na huko ikapata tuzo moja tu, tuzo ya sauti. Babati ikapata wazimu. Mtu wa Babati! Wakubwa wa mkoa wakampigia simu, Damasi akaanza kusema ndiye aliyemfundisha. Ikaamuliwa filamu ionyeshwe hapa mjini, Jumamosi mchana, ukumbini, na Valence na Amira waje.

Mapazia meusi ya kuziba madirisha ya ukumbi nilishona mimi. Nilipewa kiti mstari wa nne. Mstari wa mbele walikaa wakubwa, Valence, Severine, na baba yangu, Mzee Aniceti, ambaye alitolewa Bonga kwa gari maalumu kwa sababu ni mkwe wa mshindi. Alivaa koti lake la kanisani. Na Amira alikaa karibu na Severine. Alikuwa mzuri kuliko alivyosikika. Aliponiona alinikumbatia akaniita dada, manukato yake yakabaki kwenye gauni langu, nikakaa nayo filamu nzima.

Watu waliifurahia. Kila nilipomwona Amira anatembea nilisikia miguu yangu. Niliwaza kwamba labda tuzo ile ina kipande changu, kidogo, cha chini pale sakafuni, nikaanza kulegea. Kisha ikafika sehemu ambayo kila mtu alikuwa ameisubiri, ile iliyosifiwa na majaji. Amira amesimama mlangoni. Mtu anakuja, anamwambia habari za mumewe. Hakisikiki anachosema, muziki hakuna. Uso wa Amira unajaa ukutani, na kinachosikika ni pumzi yake.

Ilianza kwa kuvutwa ndani, ikakwama. Ikakaa huko mpaka watu ukumbini nao wakaacha kupumua. Kisha ikatoka vipande vipande kupitia puani, na mwishoni kuna kitu kidogo kooni, kama mtu anataka kuuliza swali na amesahau maneno. Wanawake wakaanza kulia. Mama Rahma, pembeni yangu, alijifunika uso wote.

Ile haikuwa pumzi ya Amira. Mwaka ule ule filamu ilipokuwa inatengenezwa, mama yangu alifariki Bonga. Nilikuwa nimerudi nyumbani mchana kuchukua kipimo nilichosahau, simu ikaita nikiwa sebuleni. Alikuwa baba. "Romana, mama yako ametutoka." Sikuweza kumjibu. Nilisimama pale na simu sikioni, sijui kwa muda gani. Severine alikuwa chumbani kwake na hedfoni zake, na mimi siku zote niliamini kwamba wakati ule alikuwa na Amira, ndiyo maana alichelewa kutoka. Nilimsamehe hilo kwa shida sana. Kumbe maiki ilikuwa sebuleni, imewashwa, anarekodi kimya cha nyumba.

Sikulia pale ukumbini. Nilikuwa naangalia uso wa mwanamke mwingine umevaa kifo cha mama yangu, na watu wa mji wangu wanamlilia yeye. Nilipotaka kuinuka, nikaona mstari wa mbele kichwa kimoja kimegeuka. Wote wanaangalia mbele, baba yangu ameyapa mgongo yale mapicha na ananitafuta gizani.

Taa zilipowashwa, mshereheshaji akamwita Amira jukwaani, akamwuliza aliwezaje pumzi ile. Amira akatabasamu, akasema alivuta hisia za mbali sana. Makofi yakapigwa, watu wakasimama. Nikatoka.

Severine alinikuta nyuma ya ukumbi, penye masufuria ya pilau. Wapishi walipoona sura yangu wakasogea.

"Ile ni mimi," nikamwambia.

Hakuuliza ipi. "Ni wewe."

"Siku ya mama."

"Ndiyo. Amira alikuwa amepiga kelele tu pale, ilikuwa ya uongo. Tulijaribu kila kitu. Nikaiweka hiyo kuona tu kama inakaa. Ikakaa. Nikashindwa kuitoa."

"Kwa hiyo siku ile ulinisikia."

"Nilikusikia tangu mwanzo."

"Na ukabaki umekaa."

Akaangalia viatu vyake vipya. "Sijawahi kusikia kitu kama kile, Mama Sylvesta. Niliogopa kusogea."

"Uliogopa kusogea, au uliogopa kuharibu?"

Alikuwa na macho mekundu, na nisingetaka mtu adhani kwamba hakuumia, aliumia. Akasema atarudi ndani sasa hivi awaambie watu wote ukweli. Nikamwuliza atawaambia nini, kwamba msiba wangu umemkaa vizuri Amira? Nikamwambia aende akale na wageni wake. Nilipanda bajaji peke yangu na manukato ya yule binti.

Kesho yake asubuhi, kabla sijawasha hata jiko, baba akapiga hodi. Alikuwa amelala kwa ndugu yetu mjini, amekuja kwa miguu, koti lilelile. Severine alimwamkia kwa kuinama kabisa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Baba hakukaa. Kiswahili chake kizito, anakitoa kidogo kidogo. "Ile ya jana ilikuwa Romana."

"Ndiyo, baba."

"Mimi siku ile simu ilikata. Nilisikia mwanzo, ikakata. Nikapiga, haipatikani. Miaka yote nafikiri, huyu mtoto alikuwaje pale baada ya simu kukata? Alianguka? Alilia? Alikuwa peke yake?" Akavua kofia. "Mkwe, nataka kusikia yote. Picha ya yule binti sitaki. Zima picha, niachie sauti."

Severine akamshika mkono, akampeleka chumbani, akampa kiti chake. Mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Kupitia ukutani, pamoja na magunia yote yale, nilijisikia naanza. Pumzi ikavutwa, ikakwama. Ikatoka. Kisha nikasikia baba akisema, "Rudia."

Nilipeleka chai. Chumba kilikuwa na giza la mapazia, kioo cha kompyuta cheusi, wanaume wawili wamekaa wameinamisha vichwa mbele ya spika, magoti yao karibu yagusane. Severine hakuvaa hedfoni. Baba ameweka kiganja nyuma ya sikio. Walikuwa wanamsikiliza Romana kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu anasikilizwa duniani, na Romana huyo alikuwa kwenye spika. Mimi nilisimama mlangoni na sinia.

Hapo ndipo wivu wangu ulipofika mwisho wa barabara. Amira hakuwemo kabisa chumbani mle, sikuwa na wa kumchukia, na bado ulinichoma kuliko siku zote. Baba alikuwa amebeba swali lile miaka yote, na nilikuwa nakwenda Bonga kila sikukuu, nakaa naye, napika, na hakuniuliza. Severine alikuwa ameyasikia yote na hakuniuliza. Wote wawili walikuwa na mimi mzima, mwenye mdomo.

"Baba," nikasema. "Mimi nipo hapa. Ningeweza kukueleza."

Baba hakusikia. Severine, bila kugeuka, akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya upole, "Ngoja kidogo, Mama Sylvesta. Baba anasikiliza."

Nikaweka sinia sakafuni. Nikapita katikati yao, nikainama nyuma ya meza na kuchomoa waya kwenye soketi. Spika zikafa katikati ya pumzi. Severine akaruka kama nimemchoma sindano. Baba akashusha mkono kutoka sikioni. Nikafungua pazia ili wanione. Nje jogoo wa Mama Rahma alikuwa anawika na basi la Dodoma linapiga honi barabarani, na hakuna aliyesema sauti hizo zinaingia kwenye maiki.

Nikavuta kigoda, nikakaa. Kisha nikawaambia kwamba nilikuwa nimesahau kipimo cha gauni la mteja, ndiyo maana nilirudi nyumbani mchana ule, na kwamba jua lilikuwa kali, na mlango ulikuwa wazi.

"Endelea," akasema baba.